Je, wajua mwanaanga hujuaje kwamba sasa ni salama kuvua barakoa?

Tarehe 23 Februari 1997, watu 6 walikuwa ndani ya Mir, kituo cha anga cha Warusi, pale kopo la kemikali ya kutengeneza oksijeni lilipolipuka moto. Moshi ukatanda kituo kizima. Daktari Mmarekani Jerry Linenger alivaa barakoa ya kwanza, haikutoa hewa; akaparamia nyingine. Moto ukazimwa. Sasa ufanyeje? Dirisha halifunguliwi, na oksijeni ya barakoa ina mwisho wake.

Pua haitoshi. Kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, haina rangi wala harufu. Tena vyombo vya anga vimejaa plastiki na nyaya, ambazo zikiungua hutoa pia gesi nyingine za sumu, haidrojeni sayanaidi na haidrojeni kloraidi.

Kingine ni kwamba kule moshi haupandi. Hewa ya moto hupanda huku kwetu kwa sababu ni nyepesi kuliko ya baridi, lakini mahali ambapo vitu vinaelea, hakuna chepesi wala kizito. Moshi huzagaa pale ulipozaliwa mpaka feni iusukume. Ndiyo maana kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga vitambuzi vya moshi havikuwekwa darini kama vya hotelini, bali kwenye njia za hewa ya feni.

Hapo ndipo penye mtihani. King'ora kikilia, feni huzimwa ili moto usipate oksijeni mpya na moshi usisambae. Lakini feni zikisimama, vitambuzi navyo vinakuwa kama vipofu. Inabidi mtu aingie mwenyewe, amevaa barakoa, na kipimo cha gesi cha mkononi. Paneli za ukutani zina matundu madogo. Kwayo huingizwa mrija wa kipimo ili kunusa kilicho nyuma, na kwa tundu hilohilo huingizwa mdomo wa kizima moto. Namba zikishuka vya kutosha, ndipo barakoa inavuliwa.

Amonia, kemikali yenye sumu, ina taratibu zake. Inazunguka kwenye mabomba ya nje kupooza mitambo ya upande wa Marekani wa kituo hicho, na harufu yake anaijua yeyote aliyewahi kufagia banda la kuku. Ikivuja kwa wingi ndani, kungoja uinuse ni kuchelewa. Tarehe 14 Januari 2015 king'ora chake kililia. Wanaanga wakavaa barakoa, wakakimbilia upande wa Urusi, ambao hautumii amonia, wakafunga mlango nyuma yao.

Saa kadhaa baadaye wawili kati yao, Terry Virts na Samantha Cristoforetti, walirudi, barakoa usoni, wakapima hewa ya maabara ya upande wa Marekani. Hapakuwa na amonia yoyote. Kilichoharibika ni kifaa cha kompyuta.