Maana ya daraja la sarafu: mfano wa dola ya Morgan

Daraja la sarafu ni kipimo cha hali yake: imelika kiasi gani, imekwaruzika kiasi gani, na ule mng'aro iliotoka nao kiwandani umebaki kiasi gani. Umri haumo. Dola ya mwaka 1881 iliyokaa miaka yote ndani ya mfuko wa benki inaweza kuizidi kwa daraja ile ya 1921 iliyopita mikononi mwa watu.

Tuchukue dola ya Morgan, kipenzi cha wakusanyaji wengi wa sarafu za Marekani. Aliyeichora ni George T. Morgan, mchongaji mzaliwa wa Uingereza, na ilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ina uzito wa gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, asilimia 90 ni fedha, iliyobaki ni shaba. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke, sura ya Uhuru. Wa pili una tai aliyekunjua mabawa. Chini ya shada la majani, upande huo wa tai, tafuta herufi ndogo inayoonyesha mji ilikotengenezwa: O ni New Orleans, S ni San Francisco, CC ni Carson City, na D, inayoonekana kwenye za 1921, ni Denver. Usipoiona herufi yoyote, hiyo ni ya Philadelphia.

Madaraja huenda kwa namba, 1 hadi 70. Utaratibu huu ulibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Hesabu yake ilikuwa kwamba sarafu iliyochakaa kabisa ikiuzwa dola moja, ile isiyo na dosari iuzwe dola 70. Bei hizo zimepitwa siku nyingi, namba zimebaki. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikuwahi kutumika.

Ishike kwa ukingo, usiguse nyuso zake, kisha iinamishe polepole chini ya taa moja. Sarafu ambayo haijatumika huonyesha mwanga unaozunguka kama mikono ya gurudumu. Sasa tazama sehemu zilizoinuka, yaani nywele zilizo juu ya sikio, shavu, na kifua cha tai. Ndizo zinazolika kwanza. Mwanga ukifika hapo ukakatika na kuacha doa la kijivu lililofifia, sarafu hiyo imeshatumika.

Lakini subiri kidogo kabla ya kuhukumu. Dola nyingi za New Orleans zilipigwa chapa kiwandani kwa nguvu ndogo, hata nywele za juu ya sikio zikatoka bapa tangu siku ya kwanza. Ukiona pamelala lakini mwanga unapita juu yake bila kukatika, huko si kulika. Hapa ndipo jicho lililozoea linapojitenga na lile linaloanza.

Jambo jingine linalowashangaza wengi: dola ya daraja la 58, iliyotumika kidogo tu, mara nyingi hupendeza kuliko ya 60. Dola hizi zilisafirishwa zikiwa 1,000 katika kila mfuko, zikigongana njia nzima. Ya 60 haikutumika, ila shavu lake linaweza kuwa limejaa makovu. Mimi ningechukua ya 58.

Na tafadhali, usiisafishe. Fedha ikikaa hufanya rangi, ya dhahabu, ya samawati, hata nyeusi, na moyo unakutuma uisugue ing'ae kama bangili iliyotoka kwa sonara. Ukiisugua unaondoa tabaka la juu, ule mwanga unaozunguka unakufa, na badala yake inabaki mistari myembamba inayoonekana kwa kioo cha kukuzia. Kampuni za kupima madaraja, kama PCGS na NGC, kwa kawaida hazitaipa namba sarafu iliyoharibiwa hivyo. Zitaandika tu kwamba imesafishwa. Hakuna dawa ya kuurudisha mng'aro huo.

Daraja peke yake halitoi bei. Ya San Francisco ya 1893 zilitengenezwa 100,000 tu, hivyo hata iliyochakaa vibaya hugharimu pesa nyingi. Ya 1881 kutoka mji huohuo ni nyingi na nzuri, na hununulika kirahisi hata ikiwa haikutumika. Tena, idadi iliyotengenezwa si idadi iliyopo: kwa sheria ya Marekani iitwayo Pittman, ya 1918, dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa. Kwa kuwa ile ya 1893 ni adimu, waghushi huchukua dola ya Philadelphia ya mwaka huo na kuibandika S. Hiyo ni fedha halisi na uzito wake uko sawa, kwa hiyo mizani haitakusaidia. Chunguza ukingo wa hiyo herufi kwa kioo cha kukuzia, uone kama imeota kwenye sarafu au imewekwa juu yake.