Kuanguka kwa tuta la reli huanzia mtaroni

Jioni ya tarehe 19 Juni 2007 mvua kubwa ilishuka juu ya bonde la mto Severn, magharibi mwa Uingereza. Asubuhi yake reli ya Severn Valley ilikuwa imekatikakatika. Kuna mahali reli na mataruma yake vilibaki vikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na tuta lililovibeba limeporomoka bondeni.

Njia hiyo ina kilomita 26 hivi, kutoka Kidderminster hadi Bridgnorth. Ilifunguliwa mwaka 1862, ikafungwa miaka ya 1960, kisha wapenzi wa reli wakaifufua, na tangu 1970 injini za mvuke zinapita tena humo, wafanyakazi wake wengi wakiwa watu wa kujitolea. Msimu huo wa mvua uliharibu zaidi ya sehemu 40. Treni hazikupita njia nzima mpaka Machi 2008, na matengenezo yaligharimu karibu pauni milioni 3.7.

Mvua ndiyo ilibeba lawama. Sisi tunaoshughulika na udongo tuna swali jingine: maji yalipofika, yalikuta pa kutokea?

Mtoto wa pwani anazijua tabia za mchanga kabla hajaingia darasani. Ukiwa mkavu unamwagika. Ukiwa na unyevu kidogo unajenga nao nyumba na ukuta wake unasimama wima. Mwagia ndoo ya maji, nyumba inakuwa uji. Unyevu kidogo huzivuta chembe zishikane. Maji yakijaa kila upenyo, huzisukuma zisikandamizane, na msuguano uliokuwa ukilishikilia lundo zima hupungua. Tuta la reli ni nyumba hiyohiyo, ila kubwa, na juu yake inapita injini ya makumi ya tani. Udongo wa mfinyanzi unaongeza balaa la pili: hunywa maji polepole na huyatoa polepole, hivyo tuta laweza kushuka siku kadhaa baada ya mvua, jua likiwaka.

Sasa fikiria matuta ya karne ya 19. Wajenzi walichimba kilima upande mmoja, wakapakia udongo kwenye vigari, wakaumwaga upande wa pili. Mashine za kushindilia hazikuwepo. Tuta lilipodidimia, mara nyingi lilijaziwa jivu la makaa kutoka kwenye injini. Tukitoboa matuta ya aina hii leo tunakuta mfinyanzi, mawe na jivu vimepangana bila mpango, na kwenye mipaka ya tabaka hizo maji hutuama kama mchuzi kwenye sahani.

Maji hayo yanatoka wapi? Tuchukue mteremko wa hekta 10 juu ya reli. Mvua ya milimita 20 ikinyesha hapo, inashuka na tani 2,000 za maji. Sehemu hunywewa na ardhi, lakini ardhi ikiwa tayari imeshiba, karibu zote zinakimbilia chini, kwenye kalvati moja la matofali, yaani njia ya maji inayopita chini ya reli, lililojengwa wakati juu yake palikuwa na msitu na malisho tu. Leo huenda pana barabara ya lami na mapaa ya nyumba. Tawi moja likikwama mdomoni, majani yakalikumbatia, kalvati limeziba. Maji yanapanda nyuma ya tuta, na tuta linageuka bwawa, kazi ambayo halikujengewa.

Wasomaji wa Kilosa hawahitaji kuelezwa. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata reli ya kati ya Tanzania baina ya Kilosa na Gulwe. Kule mto Mkondoa una ugomvi wake mwingine: unashusha mchanga kutoka milimani, na mchanga ukijaa, kalvati linazikwa likiwa zima kabisa.

Kwenye reli za urithi, zile za zamani zinazotunzwa na wapenzi wake kama Severn Valley, kuna tatizo ambalo kipimo cha udongo hakilioni. Injini ina wapenzi, kalvati halina. Mtu atachangia bomba la moshi lipakwe rangi, atapiga picha, atamwonyesha mjukuu. Sijaona bado mgeni anayepiga picha mtaro. Reli ya Gloucestershire Warwickshire, si mbali na Severn Valley, ilipata maporomoko mawili ndani ya mwaka mmoja: Gotherington mwaka 2010, kisha Chicken Curve Januari 2011, ambako tuta la mfinyanzi lilishuka na kuigawa njia vipande viwili. Na Severn Valley yenyewe iliguswa tena Januari 2025, tuta lilipobomoka kando ya daraja la Mor Brook. Stesheni ya Bridgnorth ikakaa bila njia ya kuiunganisha na nyingine hadi Agosti.

Kukarabati poromoko ni kazi inayojulikana: ondoa udongo uliolegea, kata ngazi kwenye ulio imara, jaza mawe, laza mabomba yenye matundu yaliyozungushiwa kitambaa cha kuchuja, panua kalvati. Ni ghali, lakini haina fumbo. Kigumu ni kuona mapema. Tazama nguzo za uzio: zikianza kuinama kuelekea bondeni, zinakuambia ardhi inatembea. Tazama shina la mti lililopinda kama goti. Tazama matete yakiota katikati ya mteremko, mahali ambapo hapana kijito. Tazama kokoto zilizopakwa tope la kijivu chini ya maungio ya reli. Kila gurudumu likipita, linafinya tope hilo lipande juu.

Ukaguzi wenye faida hufanywa mvua ikinyesha, wakati kila mtu anataka kubaki ndani. Mkaguzi husimama upande wa juu aone maji yanavyoingia kwenye kalvati, kisha huvuka aone yanavyotoka upande wa chini. Yakitoka machache kuliko yaliyoingia, yaliyobaki yamo ndani ya tuta. Yakiingia safi yakatoka na tope, tuta linasombwa kutoka tumboni, na treni inayofuata inasimamishwa hapo hapo.