Sabufa Haina Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Sauti ya Sebuleni

"Fundi, besi haitoshi, nitafutie sabufa kubwa zaidi." Mwezi huu nimeambiwa hivyo katika nyumba tatu, na katika zote tatu sabufa ilikuwa imesukumwa konani nyuma ya sofa, busti (kitufe cha kukuza besi) imewashwa, na besi imepandishwa kwa rimoti hadi mwisho. Mwenye nyumba ya tatu, mzee mpenzi wa taarabu ya zamani, alikuwa na shida ya kweli: hasikii kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Anasikia mvumo, anasikia mwimbaji kana kwamba yumo ndani ya pipa, lakini zile nyuzi hazimfikii. Na dawa aliyokuwa ametayarishia fedha ni besi zaidi.

"Besi haitoshi, ongeza sabufa"

Mara nyingi besi haijapungua. Imejaa mahali pamoja na kukosekana mahali pengine. Besi ya hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, ina wimbi la zaidi ya mita 8, refu kuliko sebule nyingi tunazoingia. Wimbi hilo linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lingine linalokwenda. Katika chumba cha urefu wa mita 4, sauti ya takriban hezi 43 inasimama palepale: karibu na kuta inavimba, katikati ya chumba inakaribia kufa. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutoa hezi 41. Basi mpigaji akishuka huko chini, noti moja inatikisa dirisha, nyingine akipanda kidogo haisikiki vizuri. Msikilizaji anaona pengo, anaongeza besi. Noti zilizopotea hazirudi, kwa kuwa chumba chenyewe ndicho kinachozifuta. Zinazozidi ni zile zilizokwisha kuwa kubwa, nazo zinafunika kila kilicho juu yake: maneno ya mwimbaji, gitaa la solo, kanuni ya mzee wetu.

Kona inazidisha tatizo. Sabufa iliyokaa konani inaamsha mivumo yote ya chumba kwa pamoja, na sofa lililogusa ukuta linakuweka pale mivumo hiyo ilipo mikali. Sebule ya mraba, mita 4 kwa 4, ndiyo inayonitesa kuliko zote, maana urefu na upana vinavuma kwenye hezi zilezile.

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi. Weka sabufa juu ya sofa, pale pale unapokaa wewe. Piga wimbo ambao gitaa la besi linatembea, linapanda na kushuka, si wa ngoma moja inayodunda. Kisha piga magoti, sikio likiwa karibu na sakafu, utambae kandokando ya kuta. Utapita mahali besi inakoroma, utapita mahali imetoweka, halafu utafika mahali kila noti inasikika kwa kiasi kilekile. Hapo ndipo pa kuiweka sabufa. Njia hii haina gharama, na imenisaidia katika nyumba nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kuuza. Kwa yule mzee magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo nilitambaa mimi na mjukuu wake, na wote wawili tulisimama mahali pamoja: kando ya kabati la TV, kama theluthi ya ukuta mrefu. Tukavuta sofa sentimita 40 kutoka ukutani, tukazima busti, tukarudisha besi katikati. Akaomba wimbo urudiwe kuanzia mwanzo. Kanuni ilikuwepo muda wote.

Nakubali kwamba kuna wakati besi huonekana haba kweli, nao ni pale unaposikiliza kwa sauti ya chini. Sikio la binadamu linapoteza sauti nzito kwanza. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili huko Marekani na kulitangaza mwaka 1933. Busti iliwekwa kwa ajili ya saa hizo, watoto wamelala na redio iko chini. Kosa ni kuiacha imewashwa unapopandisha sauti Jumamosi. Kuongeza besi kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni kuidai amplifaya nguvu mara kumi katika sauti hizo. Ikishindwa inakata vilele vya mawimbi, na mara nyingi kinachoungua kwanza ni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ukiniletea spika yenye twita iliyokufa, jambo la kwanza nitakalokuuliza ni busti ilikuwa wapi.

"Wati nyingi, sauti nzuri"

Acha kusoma mbele ya boksi, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Kifaa kinachochukua wati 60 kwenye soketi hakiwezi kutoa maelfu ya wati yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hata wati za kweli zikizidishwa mara mbili, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo sebuleni utaiona kidogo. Wati ni habari ya ukubwa wa sauti. Uzuri wake ni suala lingine.

"Spika zikiwa juu, sauti inasambaa"

Inasambaa darini. Twita inarusha sauti yake nyembamba mbele kama tochi, kwa hiyo iwe usawa wa sikio la aliyekaa, ikimtazama. Spika mbili na wewe mfanye pembetatu yenye pande zinazokaribiana, na zisifichwe ndani ya kabati nyuma ya vyombo vya udongo.

"Trei za mayai zinatuliza chumba"

Hazitulizi, na zinashika moto haraka. Sebule yenye marumaru chini, jipsamu juu na kuta tupu inahitaji zulia nene, mapazia mazito na sofa la kitambaa. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unaorukaruka kati ya kuta, ndio huohuo unaochafua maneno ya mwimbaji. Ila usitegemee pazia likuondolee mvumo wa besi. Wimbi la mita 8 halisumbuliwi na kitambaa, na ndiyo maana nimekutambaza kwanza.

"Waya wa bei ndiyo siri"

Kwa mita 5 za sebuleni, waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi, unatosha kabisa. Tazama badala yake kama nyekundu imeenda kwenye nyekundu kwa spika zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inakufa katikati na mwimbaji hana mahali pa kusimama. Kaa katikati, piga wimbo wa mtu mmoja anayeimba. Sauti yake isipotoka kati ya spika mbili, zima amplifaya, geuza nyaya za spika moja, washa tena usikilize.