Maziwa Hayasafishi Mapafu: Uvumi na Ukweli Kuhusu Vipimo vya Afya vya Viza

Miezi michache kabla mtoto wa shangazi yangu hajaenda kupimwa kwa ajili ya viza ya kumfuata mumewe Marekani, nyumba yao ya Tanga iligeuka baraza la washauri. Mmoja alimwambia anywe maziwa siku tatu mfululizo ili eksirei itoke safi. Mwingine alimletea chupa ya mitishamba ya kusafisha damu. Wa tatu, mama wa makamo anayeheshimika mtaa mzima, alimpa ushauri uliokuja kumgharimu kuliko yote: asithubutu kumwambia daktari kwamba aliwahi kuugua kifua kikuu.

Wote watatu walimpenda, na hilo ndilo linalonisumbua. Uvumi wa vipimo vya viza hausambazwi na maadui. Unasambazwa na ndugu, majirani na marafiki waliosafiri zamani, kila mmoja akisimulia nchi yake na mwaka wake kana kwamba dunia nzima ina kliniki moja na sheria moja. Nimeyakusanya yale ninayoyasikia mara nyingi, na kila moja nimeweka ukweli wake.

"Wanatafuta mtu asiye na ugonjwa hata mmoja"

Kwa viza ya uhamiaji ya Marekani, orodha ya magonjwa ya kuambukiza yanayomzuia mtu ni fupi kuliko wengi wanavyodhani: kifua kikuu kilicho hai, kaswende na kisonono ambavyo havijatibiwa, ukoma unaoweza kuambukiza, pamoja na magonjwa ya mlipuko yanayowekewa karantini. Nje ya hapo kuna mambo matatu: kukosa chanjo zinazotakiwa, uraibu wa dawa za kulevya, na tatizo la akili au la mwili linaloambatana na tabia ya kujidhuru au kudhuru wengine. Mtu aliyepita kwenye sonona, akatibiwa na kutulia, hazuiwi kwa sababu ya sonona yenyewe.

Kaswende na kisonono hutibika kwa muda mfupi. Ukikutwa navyo unatibiwa, rekodi inaandikwa, unaendelea na safari yako. Nasikitika ninapoona mtu anajificha kwa aibu ya ugonjwa ambao sindano inaumaliza.

Presha, kisukari, pumu, miwani, mguu uliovunjika utotoni: havimo kwenye orodha ya daktari. Hapa lakini lazima nikuambie jambo jingine, kwa sababu wengi huishia kwenye sentensi iliyotangulia. Afisa wa ubalozi ana swali lake mwenyewe ambalo si la daktari: huyu akifika, atajimudu au atakuwa mzigo kwa serikali? Novemba 2025 maafisa wa viza wa Marekani walielekezwa kuyatazama kwa uzito zaidi magonjwa ya kudumu yenye matibabu ya gharama wanapojibu swali hilo. Kwa hiyo mwenye kisukari asifiche kisukari. Aende na ripoti inayoonyesha sukari yake inadhibitiwa, dawa anazotumia, na uwezo wa kifedha wa yule anayemwita.

Kanada nao wana hesabu ya gharama kwa mfumo wao wa afya, ila hesabu hiyo haiwagusi wakimbizi, wala mume, mke na watoto wanaodhaminiwa na ndugu zao walioko huko.

"Usiseme kama uliwahi kuugua TB"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi.

Kwenye picha ya kifua, pafu lililojaa hewa hutoka jeusi. Kovu hutoka jeupe. Mtu aliyeugua kifua kikuu miaka kumi iliyopita akapona kabisa anaweza kubaki na kovu hilo maisha yake yote. Maziwa huenda tumboni; hayana njia ya kufika kwenye pafu, na hata yangefika yasingefuta kovu. Mitishamba vilevile.

Mtoto wa shangazi aliulizwa na daktari: umewahi kuugua kifua kikuu? Akajibu hapana, kama alivyofundishwa. Picha ilipotoka, kovu likawa pale juu ya pafu la kulia, wazi. Daktari akamuuliza tena, taratibu. Akalia. Akasema kweli.

Ugonjwa wa zamani uliotibiwa haukuwa kosa. Angekuja na kadi yake ya matibabu, daktari angejua tangu mwanzo alitumia dawa gani, kwa muda gani, na kwamba alimaliza. Badala yake ilibidi arudi kwenye zahanati alikotibiwa kuomba wapekue rejesta ya kifua kikuu. Bahati nzuri jina lake lilikuwapo, na tarehe ya kumaliza dozi ya miezi 6 ilikuwapo. Ingekuwa amedanganya mpaka mwisho, angekuwa na tatizo kubwa kuliko kovu, kwa sababu kudanganya kwa makusudi juu ya jambo zito ili upate viza kunaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote, na kufunguliwa tena ni kwa msamaha maalumu usiopatikana kirahisi.

Kinachofuata baada ya picha yenye shaka ni makohozi. Hutolewa mara 3, siku 3 mfululizo, asubuhi, mbele ya mhudumu. Yanatazamwa kwa darubini, kisha yanaoteshwa maabara kuona kama kuna vimelea hai, na kuotesha huko kunaweza kuchukua hadi wiki 8. Hakuna pesa wala kujuana kunakoharakisha bakteria kuota. Wiki hizo ni ndefu, nalijua hilo, nimekaa nazo pamoja na shangazi jikoni kwake. Ila kusubiri si kukataliwa. Makohozi yasipootesha kitu, mtu anaruhusiwa kusafiri, na idara ya afya ya kule anakokwenda hujulishwa ili imwangalie tena akifika.

Vimelea wakiota, matibabu huanza, dawa zikimezwa kila siku mbele ya mhudumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, kisha makohozi hupimwa upya. Kwa safari ya Marekani matibabu haya yafanyike mahali panapotambuliwa na madaktari wa ubalozi, la sivyo yanaweza yasihesabiwe. Ndiyo maana nakusihi: ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au unakonda bila sababu, nenda hospitali sasa, usingoje miadi ya viza. Na usipite duka la dawa kununua antibayotiki ili "ukaushe kifua" kabla ya kwenda. Baadhi ya dawa hizo huwapunguza vimelea kwa muda bila kuwamaliza, majibu yakachanganya, na wewe ukabaki na ugonjwa unaokula pafu kimyakimya.

Wanaosafiri kwa bahati nasibu ya Green Card wana sababu zaidi ya kuwahi: viza zao lazima ziwe zimetolewa kufikia Septemba 30 ya mwaka wao wa bahati nasibu, na tarehe hiyo haisogezwi kwa sababu makohozi bado yako maabara.

Watoto nao wana uvumi wao. Mtoto wa miaka 2 hadi 14 kutoka nchi zetu hutolewa damu kwa kipimo cha maambukizi ya kifua kikuu kiitwacho IGRA. Wazazi huambiwa kwamba chanjo ya BCG, ile iliyoacha kovu mkononi, itamfelisha. Kipimo hiki cha damu hakichanganywi na BCG. Kilichokuwa kikichanganywa nayo ni kile cha zamani cha kuchoma ngozi. Damu ikionyesha maambukizi, mtoto hupigwa picha ya kifua. Picha ikiwa safi na hana dalili, maambukizi yake yamelala: hamwambukizi mtu, na anaweza kusafiri.

"Mwenye VVU hapati viza"

Marekani ilikuwa hivyo kweli, tangu 1987. Marufuku hiyo iliondolewa rasmi Januari 4, 2010, na kipimo cha VVU kikaacha kuwa sehemu ya kawaida ya vipimo vyao. Bado nakutana na watu wanaoacha dawa za ARV wiki chache kabla ya miadi ili "zisionekane kwenye damu". Tafadhali, usifanye hivyo. Unaiumiza kinga yako na unawapa virusi nafasi ya kuizoea dawa, kwa ajili ya sheria iliyokwisha kufutwa.

Kanada hupima VVU kwa kila mwenye miaka 15 na zaidi, lakini kukutwa navyo peke yake si sababu ya kukataliwa. Uingereza haipimi VVU kwa viza. Inachotaka ni cheti cha kutokuwa na kifua kikuu, kwa anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6 akitoka nchi zilizo kwenye orodha yake, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo.

Ghuba ni habari nyingine kabisa, na ndiyo iliyozaa hofu hii nyingi. Anayekwenda kufanya kazi Saudia, Oman, Qatar na majirani zao hupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende na kifua kikuu, na wanawake hupimwa ujauzito. Huko VVU huzuia. Homa ya ini huzuia. Hata kovu la zamani la mapafu limewarudisha wengi nyumbani. Mara nyingi mfanyakazi hupimwa tena akifika, kabla ya kupewa kibali cha ukaazi, kwa hiyo karatasi ya kughushi iliyonunuliwa kwa wakala itakupandisha ndege tu, kisha ikurudishe ukiwa na deni. Dada aliyerudi kutoka Riyadh anaposimulia vipimo vyake, anasema kweli ya Riyadh. Usiibebe mpaka Toronto.

"Miraa si dawa ya kulevya, kwetu ni halali"

Kenya miraa ni zao halali linalolisha familia nyingi za Meru. Tanzania, ambako huitwa mirungi, ni marufuku. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Marekani, kiini kilichomo ndani ya majani mabichi, kathinoni, kimewekwa kwenye kundi la juu kabisa la dawa zinazodhibitiwa. Daktari wa viza anafuata orodha ya Marekani, si desturi ya mji wa Maua kule Meru au ya Eastleigh, Nairobi. Bangi ni hivyo hivyo: hata kama jimbo unalokwenda limeihalalisha, sheria ya shirikisho ndiyo inayotazamwa.

Daktari akibaini uraibu au matumizi mabaya, kwa kawaida unaambiwa usubiri mpaka upite mwaka mzima ukiwa umeacha. Kama unatafuna, acha mapema, na ukiulizwa jibu ukweli.

Chanjo na ujauzito

"Nilichanjwa utotoni, inatosha." Inatosha kama una kadi. Tafuta kadi ya kliniki ya mtoto, tafuta kadi ya njano ya safari, vyote vipelekwe. Bila kadi utachanjwa upya pale pale zile zinazohusu umri wako, kama surua, pepopunda, polio au homa ya ini B. Kurudia chanjo hakuna madhara makubwa zaidi ya mkono kuuma na pesa kutoka mfukoni mwako. Na si lazima umalize mfululizo wote. Dozi zinazowezekana siku hiyo ndizo zinazotakiwa.

Mjamzito hakataliwi viza ya uhamiaji ya Marekani kwa ujauzito. Chanjo zenye vimelea hai, kama ya surua, hapewi. Eksirei anaweza kukubali tumbo likifunikwa kwa kinga ya madini ya risasi, au akaiahirisha hadi ajifungue, akijua kwamba na viza itasubiri. Uamuzi ni wake, wala si wa mume au wakala.

"Hospitali yoyote kubwa inatosha, na ukifaulu viza umeshapata"

Hata hospitali ya rufaa haitoshi kama daktari wake hayumo kwenye orodha ya ubalozi. Orodha hiyo iko kwenye tovuti ya ubalozi, bure, na ada hulipwa kliniki yenyewe kwa risiti. Anayekuambia ana "daktari wake" wa kukupitisha anataka pesa zako.

Daktari haamui viza. Anaandika alichokiona, afisa wa ubalozi ndiye anayeamua, baada ya kutazama na mengine yote. Usiuze shamba wala kuacha kazi kwa sababu umesikia mapafu yako ni safi. Hutakiwi kwenda na njaa, ila kwa Kanada mwanamke apange miadi nje ya siku zake, kwani mkojo hupimwa na damu ikionekana atarudishwa kupima tena. Kwenye ukaguzi wa mwili, mwanamke aombe mapema awepo mhudumu wa kike chumbani.

Kliniki nyingine hutuma majibu kwa mtandao, nyingine hukupa bahasha iliyofungwa. Hiyo bahasha usiifungue, hata kwa udadisi wa dakika moja.

Na tazama tarehe. Vipimo vya Marekani kwa kawaida hudumu miezi 6, na viza huisha pale vipimo vinapoisha. Mtoto wa shangazi alipewa miezi 3 tu, kwa sababu ya kovu lake, na mumewe alikuwa tayari ameulizia tiketi ya mwezi wa nne baada ya vipimo kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Walilipa zaidi. Alipanda ndege siku 11 kabla ya viza kwisha, bahasha ikiwa kwenye mkoba wa mkononi, na nakala ya ule ukurasa wa rejesta ya zahanati imekunjwa ndani ya pasi.