Ramirezi si mbuna: toa hayo matumbawe

Jamani, leo tuelewane. Mtu ananunua jozi ya ramirezi, wale samaki wadogo wa urembo, anafika nyumbani, anamwaga nusu kiroba cha mchanga wa matumbawe tangini. Ukimuuliza, anakujibu bila wasiwasi: "Si sikilidi hao? Sikilidi wanataka maji magumu." Nimeshalisikia hili dukani, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa watu walioanza kufuga samaki kabla yangu. Nimechoka.

Perege uliyekula na ugali jana naye ni sikilidi. Ukoo huo una spishi zaidi ya elfu moja, huwezi kuzipikia zote chungu kimoja. Shida yetu ni kwamba tumezoea wa maziwa yetu. Tanganyika lina pH inayokaribia 9, Nyasa nalo linacheza kwenye 8, na mbuna wake wanashinda miambani wakifukuzana. Hao wape matumbawe, watakushukuru. Lakini Mikrogeophagus ramirezi katoka bonde la mto Orinoco, kwenye nyanda za Llanos za Venezuela na Kolombia, kwenye maji ya vuguvugu, yenye asidi kidogo, ambayo karibu hayajayeyusha kitu. Ni kasamaki ka sentimita tano hivi. Chokaa na yeye wapi na wapi?

Yale mepesi niyapitie haraka. Joto 27 hadi 30: Dar wakati wa kiangazi hita inakaa tu, Julai usiku utaihitaji, na Nairobi hakuna mjadala. Tangi la urefu wa sentimita 60 linatosha jozi moja. Filta ikomae kwanza, yaani ijae bakteria wanaosafisha maji, usiwatie kwenye tangi la juzi. Ukitaka samaki wengine wa kukaa nao, neoni hawalipendi joto hilo, chukua kadinali. Jike tumbo lake lina wekundu wa waridi, na lile doa jeusi la ubavuni lina vitone vya buluu ndani yake.

Sasa tuje kwenye maji. Mtu anapima pH, anakuta 8, anakamua limau. Ndiyo, limau! Jioni anasoma 6.5, anatuma picha ya kipimo kwenye grupu, tunampongeza. Asubuhi ni 7.8. Anakamua lingine. Wiki haijaisha, samaki kalala chini anahema, na anayelaumiwa ni muuza duka.

Ndugu yangu, pH si ugonjwa wako. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mwamba wa matumbawe yakabeba bikabonati, na hiyo ndiyo KH. Asidi yoyote unayotia inagongana nayo, inazaliwa kabonidioksaidi, na hiyo gesi inasaidia kuishusha pH kwa muda. Gesi ikishatoroka hewani, pH inapanda tena. Hujalainisha chochote, umembembeza samaki tu. Pima KH kwanza, kisha GH, yaani ugumu wote wa kalsiamu na magnesiamu, pH iwe ya mwisho. Na kama KH ni 12, weka limau kwenye supu.

"Basi nitachemsha." Kemia ya sekondari mliisoma: kuchemsha kunaondoa ugumu wa muda peke yake. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ndio chokaa iliyotoka. Ugumu wa kudumu umebaki, chumvi ya kisima imebaki, tena imekolea kwa kuwa maji yamepungua. Mashine za kulainisha maji ya kufulia nazo nyingi zinatoa kalsiamu na kuingiza sodiamu mahali pake. Sabuni itatoa povu zuri, lakini samaki umembadilishia mzigo, hujamtua.

Na majani ya mkungu! Nayapenda, tunayaokota bure wakati wenzetu Ulaya wanayanunua kwa pakiti. Yanapaka maji rangi ya chai, yanatoa tanini, samaki wanatulia. Ila maji ya kahawia yenye KH 12 ni maji magumu ya kahawia.

Dawa ni kuchanganya. Chukua maji ya RO, yaliyochujwa karibu chumvi zote, kwa wale wanaouza maji yaliyochujwa kwa madumu, au maji ya mvua, baada ya mvua za mwanzo kuosha bati. Dumu moja la kisima chenye KH 12 kwa matatu ya RO linakupa KH 3. RO tupu usiitumie, pH inaweza kuporomoka ghafla. Badilisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wa Nairobi mnaopata maji ya bomba kutoka Ndakaini, nyie hata msome tu mpite. Na mchanga wowote usioujua, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, haufai.

Sasa nililo na shaka nalo. Ramirezi wa dukani kazalishwa mashambani vizazi na vizazi. Je, bado anahitaji maji laini kiasi hicho? Vitabu vinasema ndiyo bila kusita, mimi nasita. Nimeona wakubwa wakikaa vizuri kwenye GH 10, rangi zinawaka. Kwenye mayai ndipo sina ubishi: maji yakiwa magumu yanageuka meupe, yanaota ukungu. Maelezo ya kawaida ni kwamba kalsiamu inaharibu utando wa yai. Huenda. Lakini maji laini yenye asidi huwa pia na bakteria wachache, na nahisi sifa nyingi tunazoupa ulaini ni za usafi.

Kwa hiyo kama KH yako ni 5 na hutaki vifaranga, kaa na maji yako, badilisha robo kila wiki. Ukitaka vifaranga, shuka chini ya 2, joto 29, weka jiwe bapa la kutagia. Upole wao utauona unaisha siku wakitaga, kila anayesogelea jiwe anafukuzwa. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili au tatu, kama wazazi hawajayala. Jozi changa huyala sana. Waache, watataga tena.