Je, wajua kwa nini Waskoti walikuwa na jina la manyoya ya mnyama asiyekuwapo tena kwao?

Linksi ni paka mkubwa wa misitu ya Ulaya na Asia: mkia mfupi, madoadoa mwilini, vishungi vyeusi kwenye ncha za masikio. Ukimjua simbamangu wa mbuga zetu, masikio hayo si mageni kwako.

Kiskoti cha karne ya 15 na 16 kilikuwa na majina ya ngozi yake. Majina hayo yalikuja na bidhaa. Kwa Kiingereza cha wakati huo manyoya haya yaliitwa luzarne au lucern, na Wafaransa wakisema loup-cervier, yaani mbwa mwitu anayewinda kulungu. Ngozi zilitoka kwenye misitu ya Urusi na nchi za Baltiki, zikapita mji wa Novgorod, Urusi, mikononi mwa wafanyabiashara wa Hanse, muungano wa miji ya biashara ya Kijerumani, kisha zikapakiwa melini kuelekea magharibi. Waskoti wenyewe walifanya biashara sana Gdańsk, bandari ya Poland, hata kitongoji kimoja huko kikaitwa Stare Szkoty, Uskoti ya Kale. Kilichopendwa zaidi ni ngozi ya tumboni, nyeupe, laini, yenye madoa meusi. Matajiri waliitia bitana kwenye majoho.

Kwa hiyo jina la manyoya hutueleza habari za bandari, si za msituni. Msituni inabidi tuulize mifupa. Zamani wataalamu waliamini linksi alitoweka Uingereza miaka 4,000 iliyopita, baridi na unyevu vikimwondoa. Mwaka 2006 utafiti wa mifupa kutoka Kinsey Cave, huko Yorkshire, ulionyesha kuwa bado aliishi takribani miaka 1,500 iliyopita. Wengine huongeza wimbo wa kale wa kumbembeleza mtoto, Pais Dinogad, unaomsifu baba mwindaji: mmoja wa wanyama anaowaua, llewyn, huenda ni linksi, ingawa wapo wanaosema ni mbweha. Mimi naiamini zaidi mifupa.

Tarehe hiyo ina uzito. Hali ya hewa ikiondolewa lawama, wanaobaki ni binadamu waliokata misitu na kumaliza kulungu, na hapo ndipo wanaotaka linksi arudishwe Uskoti wanapojengea hoja yao. Januari 2025 kuna mtu hakusubiri mjadala uishe: linksi wanne walikutwa wameachiwa kinyume cha sheria karibu na Kingussie, mji mdogo wa Uskoti. Wote walikamatwa, na mmoja akafa.