Mfumuko wa Bei Umeshuka, Mbona Bili ya Simu Haishuki?

Mama mmoja anayeishi Uingereza alifika mezani kwetu mwezi Mei 2024 na bili mbili za simu, ya Machi na ya Aprili, akazilaza sambamba bila kusema neno. Laini ile ile, dakika zile zile, bando lile lile la intaneti. Ya Machi ilikuwa pauni 28.60. Ya Aprili, pauni 30.86. Kisha akauliza: "Si wametangaza mfumuko wa bei umeshuka? Sasa hii ni nini?"

Swali hilo tunaulizwa sana, na anayeuliza ana haki ya kujibiwa vizuri.

Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda. Si bei yenyewe. Wataalamu wa takwimu huchukua kapu la bidhaa na huduma ambazo watu hununua, wakalinganisha gharama yake na ya mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Oktoba 2022 kasi hiyo nchini Uingereza ilifika asilimia 11.1. Aprili 2024 ilikuwa asilimia 2.3. Wengi wakisikia "umeshuka" hudhani bei zimerudi zilikotoka. Hazikurudi. Ziliendelea kupanda, ila taratibu zaidi, juu ya kile zilichokwisha kupanda.

Hata hivyo, maelezo hayo peke yake hayamtoshi yule mama. Asilimia 2.3 ya pauni 28.60 ni kama peni 66 tu, ilhali yeye aliongezewa pauni 2.26. Jibu lilikuwa ndani ya mkataba wake, kwenye kifungu ambacho kampuni kadhaa kubwa za simu za huko zilikuwa zikikitumia: kila mwaka, karibu na Aprili, bei itapanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei cha Desemba iliyopita, kisha iongezwe asilimia 3.9 juu yake. Desemba 2022 kiwango kilikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo Aprili 2023 bei zikapanda kwa asilimia 14.4. Desemba 2023 kilikuwa asilimia 4.0, zikapanda kwa 7.9. Bili ya Aprili 2024 ilibeba mfumuko wa miezi minne nyuma, na nyongeza isiyohusiana na mfumuko wowote.

Tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Alisaini Novemba 2022 kwa pauni 25 kwa mwezi, miezi 24. Kichwani mwake alikuwa amekubali kulipa pauni 600. Lakini miezi mitano ni kwa 25, kumi na miwili ni kwa 28.60, na saba ya mwisho ni kwa 30.86. Jumla ni pauni 684.22. Ongezeko la pili lilihesabiwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa, na hapo ndipo watu wengi hupoteza hesabu.

Kampuni hueleza kwamba umeme, mishahara na ujenzi wa mitandao vinagharimu zaidi kila mwaka, na ni kweli. Lakini kama hoja ni mfumuko, basi mfumuko ungetosha. Ile asilimia 3.9 ilikuwa ni kupandisha bei kwa jina la kitu kingine, na kwa maoni yangu haikustahili kufichwa nyuma ya kipimo cha mfumuko ambacho mnunuzi wa kawaida hana namna ya kukitabiri. Lililonisikitisha zaidi ni mikataba iliyochanganya huduma na simu yenyewe katika malipo mamoja. Simu umeshaipokea, iko mfukoni, bei yake ilijulikana siku uliyoichukua, lakini malipo yake nayo yanapanda kila Aprili.

Mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, Ofcom, aliona kwamba mzigo wa kutojua bei ya kesho umewekwa upande usio sahihi. Tangu tarehe 17 Januari 2025, mkataba mpya hauruhusiwi kufungamanisha ongezeko la katikati ya mkataba na mfumuko au na asilimia yoyote. Kama bei itapanda, mteja aambiwe kabla ya kusaini, kwa pauni na peni, na tarehe itakapoanza. Mikataba iliyosainiwa kabla ya siku hiyo iliachwa na masharti yake ya zamani.

Ni hatua njema, lakini haikukataza kupandisha bei. Ongezeko la pauni 1.80 kwa mwezi ni asilimia 4 kwa anayelipa pauni 45. Kwa anayelipa pauni 10 ni asilimia 18. Mwenye bando dogo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, ndiye anayeumia zaidi, na hakuna mfumuko wa bei wa miaka ya karibuni huko uliofika asilimia 18.

Mwezi wa kusaini nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Tuseme bando ni la pauni 10, na linapanda pauni 1.80 kila Aprili kwa miezi 24. Ukianza Machi, unalipa 10 mara moja tu, 11.80 mara kumi na mbili, na 13.60 mara kumi na moja: jumla pauni 301.20. Ukianza Mei, unalipa 10 mara kumi na moja, 11.80 mara kumi na mbili, na 13.60 mara moja: pauni 265.20. Bando moja, tofauti ya pauni 36. Kampuni nyingine huahirisha ongezeko la kwanza kwa wateja wapya, kwa hiyo muulize muuzaji kinagaubaga: miezi yote 24, nitalipa jumla kiasi gani? Akikujibu kwa bei ya mwezi wa kwanza, rudia swali.

Kuhusu kutoka kwenye mkataba, kanuni ni hii: kampuni ikipandisha bei zaidi ya ilivyoandikwa, lazima ikupe taarifa ya angalau mwezi mmoja, nawe una haki ya kuondoka bila faini. Ikipandisha kama ilivyoandikwa, haki hiyo huna, hata kama hukukisoma kifungu. Huko ndiko alikokwama mgeni wetu.

Tukamwonyesha jambo moja ambalo hakulijua. Ukiwa Uingereza, ukituma neno INFO kwenda 85075, kampuni yako inapaswa kukujibu ni kiasi gani utadaiwa ukivunja mkataba leo. Ukituma PAC kwenda 65075, unapewa namba ya siri ya kuhamia kampuni nyingine na namba yako ile ile ya simu. Ujumbe wote ni bure, na kuomba hakukufungi kuhama.

Alituma INFO palepale. Jibu lilipokuja alilisoma mara mbili, akaona faini ni kubwa kuliko faida ya kuhama kabla ya wakati. Akaomba kalamu, akaandika tarehe ya mwisho ya mkataba wake, ya mwezi Oktoba, nyuma ya bili ya Aprili, na chini yake 65075.